Gogo la Mteremko wa Inyala

Kwa miaka mitatu mfululizo Veneranda alimwomba Marcelino jambo lile lile, kwa upole, mbele za watu, na kwa miaka mitatu Marcelino alikubali. Alimwomba asimulie jinsi Vitus alivyokufa.

Waliosikia walidhani ni moyo wa pekee, mwanamke kutaka kifo cha mdogo wake kiwe funzo kwa wengine. Wapo waliosema ni toba. Hakuna aliyejua kwamba Veneranda alikuwa kazini.

Ni fundi baiskeli wa Mlandege, mjini Iringa, na sasa ana miaka arobaini na miwili. Banda lake ni la mabati, lina benchi moja na rimu zilizoning'inizwa kwenye misumari. Kazi aliirithi kwa baba yake, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume wa kumshikia spana mpaka Vitus alipozaliwa, na wakati huo Veneranda alikuwa na miaka kumi na minne na tayari ananyoosha rimu kwa kusikiliza mlio wa spoku tu. Wanaume walikuwa wakifika pale, wanamwona, wanauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ametoka," anawajibu. "Niachie baiskeli, nitamwambia."

Jioni wakirudi wanakuta kazi imekwisha. Wanamsifu fundi, naye anaahidi kumfikishia salamu. Hakuwahi kumsahihisha hata mmoja. Aliwaacha mpaka wakagundua wenyewe, na siku ya kugundua alikuwa akiwatazama usoni, taratibu, bila kucheka.

Baba alipofariki, Vitus alikuwa na miaka sita. Veneranda na mama yao, Bertha, wakamlea wawili. Alipokuwa kijana, dada yake alimuundia baiskeli ya vipande: fremu ya mtumba kutoka Mwanjelwa kule Mbeya, rimu za huku, gia za kule. Kwa baiskeli hiyo Vitus alikuwa akipeleka mikate madukani, akipanda mlima wa Ipogolo na kreti mbili nyuma huku anapiga mluzi. Alipoanza kushiriki Msafara wa Nyanda, ile safari ya baiskeli ya siku mbili kutoka Mbeya hadi Iringa kila Juni, Veneranda naye aliomba kazi huko, awe fundi wa barabarani. Aliona ni afadhali awe karibu.

Msafara huo una magari matatu ya kuwahudumia waendesha baiskeli. La mbele lina bendera. La mwisho haliruhusiwi kumpita mwendesha baiskeli yeyote, hata akitambaa. La katikati ni la vifaa: maji, ndizi, mipira, magurudumu ya akiba, na fundi. Veneranda alipangwa hilo la katikati, dereva wake akiwa Marcelino wa Iyunga, mwanaume wa makamo mwenye sauti nzuri, ndiye aliyekuwa akiombwa kuongoza sala kabla ya kuondoka.

Breki ya mkono ya gari lile ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo Veneranda alikata kipande cha gogo la mti wa mlingoti, akakizungushia mpira mkuukuu wa tairi ili kisiteleze, na kila waliposimama mlimani alikiweka mbele ya gurudumu. Na kwa watu wa magari ya msafara kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: aliyeweka gogo ndiye anayeliondoa. Haulizwi, hakumbushwi. Barabara ile ina malori ya Tunduma mchana kutwa, na madereva wake wakiharibikiwa hutegesha mawe na kukata matawi, kisha wakishatengeneza huondoka na kuyaacha palepale. Watu wa msafara walijivuna kwamba wao si watu wa kuacha mawe.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na manyunyu. Kwenye mteremko wa Inyala mwendesha baiskeli mmoja wa kundi la mbele alikatikiwa mnyororo, wakasimama kumsaidia. Veneranda aliunga mnyororo kwa mikono iliyokufa ganzi kwa baridi. Yule mtu alipoondoka, Veneranda aliinama kushika gogo na vidole vikakataa kukunjika. Marcelino alikuwa amesimama kando anaongea na simu. Veneranda akamwonyesha mikono yake, akamwambia hawezi hata kushika gogo. Marcelino akaziba simu kwa kiganja.

"Panda, dada. Mikono imekufa hiyo. Gogo nalitoa mimi."

Akapanda. Akiwa ndani, anapuliza vidole, alisikia kiatu cha Marcelino kikilipiga gogo mara mbili. Kisha Marcelino akaingia akiwa bado na simu sikioni, kwa sababu kundi la mbele lilikuwa linadai maji, akatia gari moto wakaondoka. Hakuliokota. Alikuwa amelipiga teke likaenda kulala kando ya mstari mweupe wa pembeni, palepale baiskeli zinapopita, jeusi juu ya lami nyeusi.

Robo saa baadaye Vitus, akiongoza kundi la pili, aliteremka Inyala akiwa ameinama juu ya usukani. Gurudumu lake lililivaa gogo, akafia palepale. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Wiki ile ile kamati ilikaa. Marcelino aliomba kusema wa kwanza. "Gogo aliliweka fundi," alisema. "Mimi nilikuwa nimempa mgongo, naongea na simu. Sikumwambia kitu. Nilijua tu, kama tunavyojua sote, aliyeweka ndiye anayeondoa."

Veneranda alisema sentensi moja: "Aliniambia nipande." Akafunika uso kwa khanga, akakaa. Mwenyekiti, mama mmoja wa Kinyakyusa aitwaye Alinanuswe, mwenye duka la vipuri Mwanjelwa, aliandika kauli zote mbili kwenye muhtasari, akazitazama kwa muda mrefu, halafu akaandika chini yake: uzembe wa fundi, usiokusudiwa. Nani angeandika vinginevyo? Gogo lilikuwa la Veneranda, aliliweka yeye, na sheria ilikuwa inajulikana.

Habari zilifika Mlandege kabla yake. Kwa miaka yote majirani walikuwa wakimwita mama yao Mama Vene, kama desturi ilivyo, kwa jina la mtoto wa kwanza. Baada ya mazishi akaanza kuwasahihisha. "Mimi ni Mama Vitus." Waliendelea kuishi nyumba moja. Veneranda akipika, mama alikula. Lakini hakumtamkia jina tena. Alimwita "wewe", na bombani wanawake walinyamaza kila alipofika na ndoo.

Fundi anajua njia nyingi za kumfanya mtu asifike anakokwenda. Nati moja tu ya gurudumu inatosha. Veneranda alizifikiria njia hizo zote, moja moja, akiwa anakaza spoku bandani kwake, na akaziacha. Hakuziacha kwa huruma. Marcelino akifa, uongo wake ungezikwa naye, watu wangelia na kumwimbia. Hapana. Alimtaka mzima, ana afya, anaongea.

Mwaka uliofuata alirudi kwenye msafara na kuomba mambo mawili. La kwanza, kila gogo lipakwe rangi ya njano na lifungwe kamba fupi kwenye kishikio cha mlango wa dereva, gari lisiweze kuondoka bila dereva kulishika kwa mkono wake. Kamati ilikubali mara moja. Kwa hiyo kila Marcelino alipofungua mlango, kamba ile ilimgusa. La pili, kwenye mafunzo ya usalama, yale yanayofanyika uwanjani Iyunga siku moja kabla ya safari, ndugu Marcelino awasimulie wageni yaliyotokea.

"Yeye ndiye shahidi," Veneranda alisema. "Mimi sitaweza."

Mwaka wa kwanza Marcelino alisimulia kwa kifupi, akitazama chini. Alipomaliza, Veneranda alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Kaka Marcelino, waeleze na hali ya hewa." Akaeleza ukungu, akaeleza manyunyu. Watu wakamsikiliza kwa utulivu, na Veneranda aliona kitu alichokuwa akikitafuta: Marcelino alipenda kusikilizwa.

Mwaka wa pili hadithi ilikuwa imenenepa. Sasa ilikuwa na sauti ya breki, ilikuwa na kimya cha mlima. Veneranda akanyoosha mkono. "Kaka, waeleze na mikono yangu ilivyokuwa."

"Mikono!" Marcelino alisema. "Ilikuwa imekufa kabisa, jamani. Vidole havikunji. Alinionyesha hivi." Akakunja vidole vyake kama makucha, akavipitisha mbele ya waendesha baiskeli wa mstari wa kwanza. "Mpaka leo nikikumbuka namhurumia huyu dada."

Watu wakaguna kwa huruma. "Asante, kaka," alisema Veneranda, akakaa.

Abdul, dereva wa gari la mwisho, mtu wa Mwanjelwa asiyejua kunyamaza, alimfuata baadaye alipokuwa anajaza upepo. "Fundi, hivi unamtafuta nini huyu bwana? Ungekuwa unamtongoza ungeshaolewa."

"Namsikiliza tu."

"Kwa usikilizaji huo, mimi naomba usinisikilize."

Juni hii kamati ilikuwa imeamua kumpa Marcelino cheo. Fulana ya njano ilikuwa tayari, imeandikwa mgongoni Mkuu wa Usalama, na Alinanuswe alikuwa nayo mkononi, imekunjwa, amvishe mafunzo yakiisha. Waendesha baiskeli walikuwa zaidi ya mia, wamekaa kwenye majani. Marcelino alisimama mbele yao kama mwalimu mkuu. Aliwaambia wakae kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Aliwaambia wasimwamini dereva wa lori anayepunguza mwendo, huenda anatafuta chaja ya simu tu. Wakacheka. Kisha, bila kusubiri kuombwa, akaanza hadithi ya Vitus.

Alipofika kwenye gogo alisema, kama kila mwaka, "Mimi nilikuwa nimempa mgongo, naongea na simu."

Veneranda akanyoosha mkono. "Samahani, kaka. Wageni hawa watachanganyikiwa. Kama ulikuwa umenipa mgongo, mikono yangu uliionaje?"

"Si uliniletea mbele ya macho, dada?" Marcelino alitabasamu kwa watu. "Ulizunguka ukaja mbele yangu."

"Nikasema nini?"

"Ukasema huwezi hata kushika gogo."

"Na wewe?"

"Na mimi nikaziba simu, nikakwambia panda..."

Alilisikia neno lake mwenyewe. Kule barabara kuu lori lilikuwa linabadili gia kupanda, likasikika mpaka likapotea.

"Panda," alisema Abdul kutoka nyuma. "Na gogo likiwa wapi?"

"Abdul, nyamaza. Sizungumzi na wewe."

"Zungumza na mimi, bwana. Mimi ndiye niliyemfunika Vitus kwa jaketi langu. Mtu amekwambia hawezi kushika gogo, umemwambia apande. Gogo likiwa wapi? Nani alitoe, malaika?"

Alinanuswe alikuwa tayari amefungua jalada lake. Alisoma kwa sauti ya dukani, isiyo na pambo. "Kauli ya dereva. Nilikuwa nimempa mgongo. Sikumwambia kitu." Akavua miwani. "Kauli ya fundi. Aliniambia nipande. Ndugu Marcelino, miaka mitatu nimelala na karatasi hii. Sema."

Marcelino alitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma kati ya ile mia. Aliowazoesha kumsikiliza walikuwa bado wanamsikiliza, na hilo ndilo lililomvunja. "Ilikuwa simu," alisema. "Wa mbele walikuwa wanataka maji. Nililipiga teke. Nikajua limeingia mtaroni. Sikuangalia."

Veneranda alikuwa amefikiri kwamba siku hiyo atalia. Badala yake alihisi njaa, njaa kali ya mtu aliyelima tangu alfajiri, na akatamani ugali na nyama.

Alinanuswe aliirudisha ile fulana kwenye begi. Alisema muhtasari utaandikwa upya jioni ile ile na kupelekwa polisi, na kwamba Marcelino akabidhi funguo. Marcelino alikabidhi, akaja mpaka alipokaa Veneranda, akapiga goti moja kwenye majani.

"Dada Vene, nisamehe."

"Huko hatujafika."

"Nifanye nini basi? Niambie chochote."

"Keshokutwa tunaingia Iringa," alisema Veneranda. "Utakuja Mlandege."

"Kwa mama?"

"Kwa mama. Na hutapanda basi. Utapanda gari letu."

Abdul ndiye aliyepewa gari la vifaa. Marcelino alikaa kiti cha nyuma, kati ya magurudumu ya akiba na ndoo za ndizi, na kazi yake ilikuwa gogo. Kila waliposimama, Veneranda alielekeza kidole kwenye tairi. Marcelino anashuka, anaweka. Kazi ikiisha, kidole tena. Marcelino anainama, anatoa. Inyala walisimama hata pasipokuwa na mwendesha baiskeli aliyeharibikiwa. Veneranda alimwacha amesimama pale na gogo mikononi, kundi la kwanza likapita, la pili likapita, na waendesha baiskeli wote waliokuwepo Iyunga jana yake waligeuza shingo kumtazama. Igurusi hivyo hivyo. Chimala hivyo hivyo. Igawa kuna kinamama wauza vitunguu waliouliza yule mzee ni nani.

"Utingo wetu mpya," Abdul aliwajibu. "Anajifunza. Kachelewa kidogo kuanza."

Baada ya kulala Makambako, siku ya pili, karibu na Mafinga, Marcelino alijaribu. "Dada, hata mimi nimeteseka miaka hii. Silali."

"Utaeleza ukifika," alisema Veneranda, akachagua ndizi moja na kuanza kuimenya.

Waliingia Iringa saa tisa alasiri. Wa mwisho alipovuka mstari na kuvishwa medali, Veneranda alihakikisha hakuna aliyeachwa njiani, akasaini daftari lake, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni. Kisha akamchukua Marcelino kwa miguu.

Mama yake alikuwa amekaa uani anapukuchua mahindi. Marcelino alivua kofia. "Kamwene, mama."

"Kamwene," aliitikia Bertha, akamtazama binti yake. "Wewe, huyu ni nani?"

"Dereva niliyekuwa naye Inyala. Ana maneno yake."

Mgeni katika nyumba ile hupewa kiti kabla ya kuulizwa shida yake. Kiti kilikuwepo, nyuma tu ya mlango. Veneranda hakukileta. Marcelino aliangalia kulia na kushoto, akaelewa, akasema akiwa amesimama. Alisema yote. Bertha hakuacha kupukuchua mpaka alipofika kwenye simu.

"Walipata maji?" aliuliza.

"Akina nani, mama?"

"Hao wa mbele."

"Walipata."

Bertha aliweka gunzi chini. Alifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. Kisha alimgeukia binti yake. "Na wewe ulipanda."

"Nilipanda, mama."

"Ulisikia anapiga teke?"

"Nilisikia."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Hakusema ni sawa. Hakusema si sawa. Veneranda alilipokea hilo bila kuinamisha uso. Miaka mitatu alikuwa amejiuliza lile lile, na hakutegemea mtu mwingine amwondolee swali hilo.

Marcelino alikohoa. "Mama, kama nimeruhusiwa, basi mimi..."

"Nani amekuruhusu?" alisema Bertha. Akamwambia Veneranda, "Kamwite shangazi yako. Pitia bombani, wale wote wanaokusema, waambie waje. Wa jumuiya ya kanisani pia. Waje kabla jua halijazama, nataka niwaone nyuso."

Veneranda alikwenda. Hakukimbia. Aligonga mlango hata mlango, na kwa kila mmoja alisema maneno yale yale, kwamba mama anawaita nyumbani. Walifika wanawake kumi na mmoja na wanaume wanne, wengine na ndoo zao. Wao waliletewa viti na mkeka. Marcelino alikuwa bado amesimama palepale, kofia imekunjwa mkononi kama kitambaa.

"Sema," alisema Bertha.

Marcelino alisema kwa haraka, macho yakiwa kwenye lango. Kulikuwa na simu, walitaka maji, gogo likabaki barabarani, alikosea, anaomba radhi.

Veneranda alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mikono mapajani. "Umeruka," alimwambia. "Anza pale nilipokuonyesha mikono."

Watu waligeuka kumtazama Marcelino. Akayaondoa macho langoni, akaanza upya.